Louvre na kamera: Mona Lisa usimpe siku nzima

Mkuu umeuliza ukifika Paris utaruhusiwa kupiga picha ndani ya makumbusho ya Louvre na ule mchoro wa Mona Lisa unapigwaje. Unaruhusiwa, kwa matumizi yako mwenyewe, ila flashi, tripodi na kile kijiti cha selfi sahau.

Sasa Mona Lisa mwenyewe. Mi nilidhani ni dude kubwa la ukuta mzima, kumbe sm 77 kwa 53 tu, afu kawekwa nyuma ya kioo na mbele kuna kizuizi, na kabla hujakifikia hicho kizuizi kuna bahari ya watu wote wamenyoosha simu juu. Nilivyorudi hotelini nikafungua picha zangu, nne ni visogo vya watu, moja imetoka vizuri ila kwenye kioo naonekana mimi na shati langu jeupe kama malaika. Kwahiyo vaa nguo nyeusi, sogea pembeni kidogo mpaka mng'ao uhame usoni, na flashi izime kabisa kabla hujaingia, usiiache kwenye auto, kwenye makumbusho nyingine yangu iliwaka yenyewe, askari akanijia mbio na ukumbi mzima ukanigeukia, aisee niliona aibu.

Ukishapata picha yako moja GEUKA. Ukuta wa nyuma yako kuna mchoro mwingine, Harusi ya Kana ya mchoraji Veronese, ya 1563, karibu mita 7 kwenda juu na 10 upana, wanajeshi wa Napoleon waliitoa Venice 1797 na ilibidi waikate vipande kuisafirisha. Watu wameipa mgongo bana! Pale unapiga kwa raha, mpaka mbwa na wapiga muziki katikati unawapata, rudi nyuma tu usimame katikati fremu isipinde.

Ila usijiamini ukadhani kote ndo hivyo, makumbusho ya Prado kule Madrid hawataki picha kabisa, na ukienda Vatican lile kanisa la Sistine Chapel pia marufuku.

La mwisho, kila ukipiga mchoro piga na kile kibao cha maelezo pembeni yake. Mi sikupiga, sasa dada yangu ananiuliza huyu mzee mwenye ndevu nani, namjibu mzungu fulani hivi wa zamani.