Kibarua cha kuzoa dizeli relini

Ndugu yangu, unauliza kama uache kibarua cha mjengo hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi, uende wiki tatu kuzoa dizeli iliyomwagika relini huko nyikani. Mimi nilishaenda. Kazi yenyewe ni sepetu na magunia: udongo uliolowa unachimbwa, unatiwa guniani, unapakiwa. Dizeli huelea juu ya maji, kwa hiyo mtaroni mnaizuia na kuinyonya kabla mvua haijaisukuma mtoni. Harufu haikutoki, hata ugali unanuka. Beba soksi nyingi. Gambuti likiingia mafuta, kisigino huchubuka kama kimeungua. Bosi wetu alitupa glavu za kitambaa, sijui tulikuwa tunapalilia maua! Dai za mpira kabla hujapanda gari. Bima je? Sheria ya Kenya ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini inamtaka mwajiri akukatie. Akikwepa swali hilo, baki mjengo.