Muulize Fundi: Corolla la marehemu baba, je, umri wake umekwisha?

SWALI: Shikamoo Fundi. Baba alifariki mwaka jana akaniachia Toyota Corolla la 1996. Shemeji yangu wa Mombasa anasema Kenya gari likizidi miaka 8 halitakiwi, na huku nako yatakuja kuondolewa. Mtu wa vyuma chakavu ameshataja bei. Nimpe?
Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Shemeji kasikia nusu. Miaka 8 ya Kenya ni ya bandarini: kwa mfano, mwaka 2025 mtumba uliosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 haukuruhusiwa kuingia. Uganda nao tangu 2018 wamezuia kuingiza gari lenye miaka 15 na zaidi. Sisi Tanzania hatuzuii, tunatoza: gari dogo la abiria likipita miaka 8 linaongezewa ushuru wa asilimia 15, likipita 10 asilimia 30. Yote hayo ni ya mlangoni, na la baba limeshaingia zamani. Huko Delhi, India, ndiko Mahakama ya Juu ilikothibitisha mwaka 2018 amri ya kuondoa barabarani gari la dizeli lililozidi miaka 10 na la petroli lililozidi 15.

Kwetu kinachostaafisha gari ni ubovu. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakataza kuendesha gari bovu, liwe la juzi au la zamani.

Kwa hiyo usimuulize shemeji, liulize gari lenyewe. Pangani ni chumvi tupu ya bahari, nayo hula chuma. Zuia magurudumu kwa mawe, lipandishe jeki, liegemeze kwenye stendi imara, ndipo uingie chini na bisibisi. Gonga kwa mpini chuma kinachopita chini ya milango. Kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boksi. Kisha fungua buti, toa zulia, tazama pale shokapu za nyuma zinaposhika. Niliwahi kuletewa gari linang'aa rangi mpya. Nilipokwaruza hapo, puti ya kuzibia mashimo ikabanduka kama ganda la muhogo, na chini yake nikaiona sakafu ya gereji. Mwenye gari alikuwa akipakia watoto wa shule. Sikulala vizuri usiku ule. Ukikuta tundu hapo, acha, usichomelee bati juu ya kutu.

Likiwa zima, breki na usukani vikakaguliwa, endelea nalo. Ila kadi ya gari bado ina jina la marehemu: msimamizi wa mirathi aende TRA, Mamlaka ya Mapato, libadilishwe.

Likiwa limeoza, mpe huyo mtu chuma, lakini kadi na namba asiondoke nazo kabisa. Namba safi ya gari lililokufa hutafutwa na wezi kwa ajili ya gari waliloiba, na polisi wakilikamata watakuja kubisha kwenu. Zifungue mwenyewe kwa mkono wako, ukaripoti TRA, kabla winchi haijafika uani.