Maswali Yenu: Mwili Unafanya Nini Usipokula?

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeingia wiki moja, na maswali ya kufunga yamekuja mengi kuliko ninavyoweza kuyajibu. Nimechukua sita. Nimekuwa muuguzi wa wodini kwa miaka mingi, na mengi ninayoyaandika hapa niliyaona kitandani kwa mgonjwa kabla sijayasoma.

Siku tatu za mwanzo wa mfungo kichwa kinanigonga vibaya kuanzia saa nane mchana. Nikifuturu tu kinatulia. Ni njaa hii? (Fundi seremala, Tanga)

Nikuulize kwanza: siku za kawaida unakunywa vikombe vingapi vya chai au kahawa kabla ya saa nne asubuhi? Mwili uliozoea kafeini ukiikosa, mishipa ya damu ya kichwani hutanuka, na maumivu huanza saa 12 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho. Ndiyo maana chai ya futari inakutuliza hata kabla hujashiba. Sababu ya pili ni maji. Unapiga randa kutwa kwenye joto la Tanga, jasho linakutoka, hakuna kinachorudi. Kunywa kidogo kidogo tangu magharibi hadi daku, usisubiri kujaza lita nzima alfajiri ukaikojoa yote kabla ya saa mbili. Mwakani anza kupunguza vikombe tangu katikati ya Shaabani. Kichwa kikiendelea kuuma hata baada ya futari, nenda kapime presha.

Mama anasema nikiendelea kuacha chai ya asubuhi nitapata vidonda vya tumbo. Ni kweli? (Mwanafunzi, Morogoro)

Wengi wanaamini hivyo, lakini sivyo. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliomgundua. Watu walipokataa kuamini, Marshall mwaka 1984 alikunywa kikombe chenye bakteria hao, tumbo lake likaugua. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, hasa kwa wanaozimeza kila mgongo ukiuma.

Ila mama yako hakulitoa hewani. Mwenye kidonda tayari, tumbo likiwa tupu asidi inakigusa, na anaumia kwelikweli. Watu wakaona maumivu yanakuja na njaa, wakasema njaa ndiyo iliyokileta. Ukipata maumivu ya kuchoma yanayokuamsha usiku, nenda kapimwe bakteria huyo. Anatibika kwa dawa za wiki mbili hivi. Ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kule kunguruma kwa saa tano asubuhi kusikutishe: tumbo na utumbo vinajifagia vyenyewe mabaki ya chakula kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili.

Kwa nini mtu aliyefunga ananuka mdomo hata akipiga mswaki? (Dada, Unguja)

Mate hupungua, lakini harufu nyingine hutoka mapafuni. Ini huweka akiba ya sukari ya kutosha siku moja hivi. Akiba hiyo ikipungua, mwili hugeukia mafuta, na ini huyageuza kuwa ketoni. Mojawapo ni asetoni, ileile iliyomo kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, nayo hutoka na pumzi. Si uchafu. Sugua ulimi, basi.

Shikamoo. Mama yangu ana miaka 63, ana kisukari na anachoma insulini asubuhi na jioni. Hataki kuacha kufunga. Juzi saa kumi jioni alitetemeka na kulowa jasho, akakataa kula kwa kuwa "magharibi imekaribia". Nimwambieje? (Binti, Bagamoyo)

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na ningependa ulifanyie kazi leo.

Mtu mzima wa afya akikaa bila kula, sukari ya damu ikianza kushuka, kongosho hupunguza insulini na ini hufungua akiba. Insulini ya sindano haijui kama mama amefunga. Imeshaingia mwilini, inaendelea kuishusha sukari tu. Ule mtetemo na jasho ni mwili unapiga kelele. Kinachofuata ni maneno kuchanganyika, kisha degedege, kisha kuzimia. Nimewapokea wagonjwa kama hao jua likizama: mkono wa baridi, kanga imelowa jasho mgongoni, ndugu wanasema amepatwa na jini au kiharusi. Tunamchoma kidole, kipimo kinasoma 1.8 mmol/L, sukari imeshuka mno.

Tafuteni mashine ya kupimia sukari nyumbani. Ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, anafungua hapohapo, hata kama adhana imebakiza dakika kumi. Ikipita 16.6, anafungua vilevile. Ikiwa ni ile ya chini, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, mpime tena baada ya dakika 15, rudia ikiwa bado iko chini. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na asibadilishe dozi kwa kukisia.

Ama la kumwambia, usimwambie peke yako. Nenda naye kwa daktari wake, kisha kwa sheikh anayemheshimu. Sura ya al-Baqara yenyewe imemwondolea mgonjwa ulazima wa kufunga siku hizo na imetaja fidia ya kulisha maskini. Akilisikia kwa sheikh, halitakuwa neno la binti anayemzuia ibada.

Kikundi chetu cha maombi kinapanga mfungo mkavu wa siku saba, bila chakula wala maji, watoto wakiwemo. Mwili unaweza? (Msomaji, Mbeya)

Hauwezi. Tafadhali wasomee wenzako jibu hili.

Bila maji mtu huishi siku chache tu. Damu inakuwa nzito, presha inashuka, figo zinaacha kufanya kazi. Bila chakula lakini maji yakiwepo, mwili huvumilia zaidi, maana baada ya sukari kuna mafuta. Hata hivyo, tangu siku za mwanzo mwili unakula pia misuli, na moyo ni msuli. Mwaka 1981 wafungwa kumi wa Ireland ya Kaskazini walifariki wakigoma kula katika gereza la Maze. Walikuwa vijana, walikunywa maji, na walifariki kati ya siku ya 46 na ya 73.

Mtoto hana akiba ya mtu mzima. Ini lake ni dogo, mafuta na misuli ni haba, ubongo wake unakula sehemu kubwa zaidi ya sukari. Anaweza kuishiwa sukari usiku mmoja tu. Msisahau msitu wa Shakahola, Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023, ambako waumini waliambiwa wafunge hadi kufa. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, mingi ya watu waliokufa kwa njaa, na watoto wengi walikuwemo. Ombeni, fungeni kwa kiasi, kunyweni maji, na watoto wale chakula chao.

Baba aliugua, karibu wiki mbili hakula kitu zaidi ya maji na vijiko vya uji. Sasa amepata hamu. Tumempangia supu ya kuku, mayai, ndizi nyama, arudishe nguvu haraka. Sawa? (Kijana, Bukoba)

Subirini kidogo. Hapa ndipo familia zenye upendo mwingi huwapoteza wagonjwa wao.

Mwili uliokosa chakula siku nyingi umeishiwa fosfati, potasiamu, magnesiamu na vitamini B1. Mlo mkubwa ukiingia ghafla, insulini inapanda na kuyavuta madini kidogo yaliyobaki yatoke kwenye damu yaingie kwenye seli. Moyo unakosa mpangilio, pumzi inakuwa fupi, miguu inavimba. Niliwahi kumhudumia mzee ambaye mkewe alimletea pilau na maziwa mgando kwenye hotpoti kila siku. Tulifurahi sote kumwona akila. Siku ya tatu kidole changu kilizama kwenye mguu wake kikaacha shimo, na alikuwa hawezi kulala chali. Tulimwahi. Mkewe aliniuliza, kijiko bado mkononi, amekosea wapi. Hakukosea, hakuna aliyemwambia.

Hata watoto wenye utapiamlo mkali hatuwaanzii chakula kizito. Wanaanza na maziwa maalumu mepesi ya F-75, kidogo kidogo, usiku na mchana.

Kwa hiyo mpelekeni baba hospitali kabla ya ile supu, mwambieni daktari idadi ya siku ambazo hakula, na muulizeni kuhusu vitamini B1 na kupima madini ya damu. Muuguzi au afisa lishe atawapangia kiasi cha kuanzia. Kwa kawaida ni uji mwepesi nusu kikombe kila saa mbili au tatu, ukiongezwa taratibu kwa siku kadhaa. Kila asubuhi mbonyezeni mguu juu ya kifundo. Pakibaki shimo, au mapigo ya moyo yakienda mbio, rudini naye siku hiyohiyo. Kuku atachinjwa wiki ijayo.