Maswali ya Wasomaji: Kusomea Teknolojia kwa Ajili ya Jamii Endelevu

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Umoja. Binti yangu alihitimu shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka jana, nasi tulitarajia atafute kazi katika benki au kampuni ya simu kama wenzake. Badala yake anataka kuendelea na masomo ya uzamili, na amechagua kuchunguza jinsi teknolojia ya kidijitali inavyoweza kuisaidia jamii kuwa endelevu. Baba yake na wajomba zake wanauliza hilo ni somo la aina gani, kwa kuwa mazingira wanayajua na kompyuta wanazijua, lakini hawajaona mambo hayo mawili yanakutania wapi. Sitaki kumvunja moyo, wala sitaki kulipa karo ya somo nisiloweza kumweleza jirani. Naomba unifafanulie anachotaka kusomea, na kama anaweza kukisomea hapa Nairobi. — Mama mzazi, Umoja

JIBU: Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kukataa. Neno endelevu limesemwa mno katika hotuba, kwa hiyo inafaa turudi kwenye maana yake. Mwaka 1987, tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, waziri mkuu wa Norway wakati huo, ilieleza kwamba maendeleo endelevu ni yale yanayotosheleza mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watakaozaliwa kesho uwezo wa kutosheleza yao. Jamii endelevu, basi, ni ile inayopata maji, chakula, nishati, usafiri na makao bila kumaliza akiba ya vizazi vijavyo, na bila kuwatwika baadhi ya watu moshi na taka za wengine. Binti yako anataka kuchunguza ni wapi simu, kompyuta, setilaiti na mitandao inaisaidia kazi hiyo, na ni wapi inaiharibu.

Mfano ulio karibu nawe zaidi ni matatu. Kwa miaka mingi wakazi wa jiji hili walisafiri kwa njia zisizokuwa na ramani kamili. Zilikaa vichwani mwa madereva, makanga na abiria waliozizoea. Watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda magari hayo wakiwa na simu zinazorekodi mahali walipo, wakanakili vituo na njia, na mwaka 2014 wakatoa ramani yenye njia zaidi ya 130. Zingatia kwamba katika kazi hiyo hakukununuliwa gari jipya wala hakukujengwa barabara. Kilichopatikana ni uwezo wa kuona, kwenye karatasi moja, jinsi njia nyingi zinavyomiminika katikati ya jiji, hata abiria anayekwenda mtaa wa jirani akalazimika kwanza kufika mjini na kupanda gari la pili. Mpangaji wa jiji asiyeliona jambo hilo hawezi kulirekebisha, na mafuta yataendelea kuchomwa katika safari ambazo hazikuhitaji kuwa ndefu kiasi hicho.

Mfano wa pili ni taa ya sola inayolipiwa kidogo kidogo. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kazi yake kubwa ilikuwa kutumiana pesa. Baadaye kampuni kama M-KOPA, iliyoanza kuuza mitambo yake mwaka 2012, ziliitumia njia hiyo ya malipo kuzifikia familia ambazo hazingeweza kulipa bei ya mtambo wa sola kwa mkupuo. Mteja hulipa kiasi kidogo kila siku, na kifaa chenye laini ya simu ndani yake huwashwa au kuzimwa kutoka mbali kulingana na malipo. Mtafiti makini hataishia kusifu mwanga uliopatikana. Atauliza matumizi ya mafuta ya taa yalipungua kwa kiasi gani katika nyumba hizo, deni lilimlemea nani msimu ulipokuwa mbaya, na betri zikichoka baada ya miaka zitapelekwa wapi.

Picha za setilaiti nitazitaja kwa ufupi tu. Zile za Landsat za Marekani hutolewa bure tangu 2008, na zile za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo zilianza kupigwa mwaka 2015, huonyesha ardhi kwa vipande vya mita 10 kwa 10. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza, akiwa Umoja, kufuatilia jinsi majengo yalivyosogelea kingo za mito ya Nairobi mwaka hadi mwaka, na baada ya mafuriko ya Aprili 2024 sidhani tunahitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo ni muhimu.

Sasa tuje kwenye gharama, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupita haraka. Kila kifaa kimetokana na madini yaliyochimbwa mahali fulani, hutumia umeme, na mwishowe huwa taka. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Vituo vya data, yaani majumba ya kompyuta zinazohifadhi picha, barua na hesabu zetu, vilitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia mwaka 2024. Kenya ina bahati kwamba zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua, na mitambo ya Olkaria imekuwa ikizalisha umeme tangu 1981. Hata hivyo umeme safi nao una kikomo, na kila unapoelekezwa kwenye matumizi mapya, kuna kiwanda au kijiji kinachoungojea.

Lipo jambo moja ambalo ningependa binti yako alishike kuliko mengine yote. Mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aligundua kwamba mashine za mvuke zilipoboreshwa na kuhitaji makaa machache kwa kazi ileile, Uingereza haikupunguza matumizi ya makaa ya mawe, bali iliyaongeza, kwa sababu mashine zilizokuwa nafuu kuendesha zilitapakaa kila mahali. Jambo hilo bado lina nguvu. Programu ya kuita teksi inaweza kumpunguzia dereva mizunguko ya kutafuta abiria, na hapo petroli imeokolewa. Lakini ikiwa unafuu na wepesi huo utamfanya mtu aliyekuwa akipanda matatu ya watu 14 aanze kusafiri peke yake katika gari dogo, petroli iliyookolewa itateketea tena, na nyingine juu yake. Kifaa chenyewe hakiamui ni lipi kati ya hayo litakalotokea. Huamuliwa na nauli, sheria, mpango wa barabara na mazoea ya watu, na ndiyo maana mwanafunzi wa kompyuta anayeingia katika somo hili hana budi kujifunza pia uchumi, sera na namna ya kukaa na watu akawasikiliza. Asipofanya hivyo atatengeneza vitu vizuri vinavyoongeza tatizo alilokusudia kulipunguza.

Kuhusu mahali pa kusomea, Nairobi inafaa kuliko miji mingi. Makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lililoundwa mwaka 1972, yapo Gigiri. Kasarani kipo kituo cha kikanda cha upimaji ramani wa rasilimali, RCMRD, kilichoanzishwa 1975. Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara ya taaluma za ramani na anga, na kina taasisi ya amani na mazingira yenye jina la Wangari Maathai. Huenda asipate shahada iliyoandikwa jina la somo lake neno kwa neno, na hilo lisiwatishe. Aombe wasimamizi wawili, mmoja wa kompyuta na mwingine wa mazingira au mipango ya miji, na ahakikishe wamekubali kukutana pamoja, si kumtuma huku na huku kwa zamu.

Wajomba wakiuliza kazi, waambie kwamba kampuni za maji zinahitaji watu wa kutambua mabomba yanakovujia, kampuni za umeme zinahitaji watu wa kukadiria mahitaji, na serikali za kaunti zinahitaji wanaoweza kusoma takwimu za taka na mafuriko. Nafasi hizo hazitangazwi kwa jina moja, kwa hiyo atahitaji subira na kazi ya utafiti aliyoikamilisha vizuri ili aionyeshe.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne. Kwa mradi wangu nilipendekeza programu ya simu ya kuwaunganisha wakazi wa ploti na vijana wanaozoa taka mtaani kwetu. Mwalimu anayenisimamia ameikataa, akisema hiyo ni bidhaa na si utafiti. Nimechanganyikiwa, kwa kuwa taka ni tatizo ambalo kila mtu analiona. Nifanye nini? — Mwanafunzi, Kahawa West

JIBU: Ndugu mwanafunzi, naelewa uchungu wa pendekezo lililokataliwa, lakini mwalimu wako amekufaa. Umeanza na programu kisha ukaitafutia tatizo. Geuza mwendo: kaa asubuhi mbili au tatu na wale vijana wa kuzoa taka, ufuate gunia moja kutoka mlangoni hadi linapomwagwa. Taka nyingi za jiji hili huishia Dandora, jaa lililofunguliwa katika miaka ya sabini na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, ilhali malori yanaingia humo hadi leo. Ukifuata gunia lako utaona kwamba kumpata mzoaji si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba maganda ya viazi, nepi na chupa vimechanganywa tangu jikoni, na kilichochanganywa jikoni hakitenganishiki vizuri tena. Sheria ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza zilikotoka, kwa hiyo hapo ndipo penye swali la kutafitiwa.

Uliza hivi: je, ujumbe mfupi wa kukumbusha, ukitumwa jioni ya kabla ya siku ya kuzoa, huongeza kiasi cha taka kinachotenganishwa? Chagua ploti kadhaa zinazofanana. Pima magunia ya ploti zote kwa wiki nne bila kutuma chochote, kisha nusu yake, ulizozichagua kwa kura, zipate ujumbe kwa wiki nane huku nyingine zikiendelea kama kawaida, na uzidi kupima. Tumia ujumbe wa kawaida unaofika hata kwenye simu ya mulika mwizi, kwa sababu programu inayohitaji simu janja na bando itawaacha nje baadhi ya wanaofanya kazi hasa ya jikoni. Omba ridhaa ya kila mwenye nambari na uzihifadhi kwa siri, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Hesabu pia gharama ya ujumbe na malipo ya vijana. Mizani ya kuning'iniza gunia itakuwa chombo chako kikuu, na ikiwa itaonyesha kwamba ujumbe haukubadilisha chochote, andika hivyo hivyo bila kupamba, maana matokeo hayo nayo yatamwokolea mwenzako mwaka mzima wa kazi.

SWALI: Mimi natengeneza simu Barabara ya Luthuli. Nasikia watu wakizungumzia teknolojia inayohifadhi mazingira, lakini mafundi hatutajwi. Je, kazi yetu inaingia wapi? — Fundi, katikati ya jiji

JIBU: Fundi, inaingia mwanzoni kabisa. Sehemu kubwa ya madhara ya simu kwa mazingira hutokea kiwandani na machimboni, kabla mnunuzi hajaiwasha. Kobalti ya betri, kwa mfano, kwa takriban asilimia 70 huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Simu unayoiongezea miaka miwili huahirisha kutengenezwa kwa nyingine. Umoja wa Ulaya umeanza kulitambua hilo, na kanuni yake ya mwaka 2023 inataka betri za vifaa vingi vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia 2027, jambo ambalo litakupunguzia kazi ya kubandua gundi.

Nakuomba mambo mawili. Betri zilizovimba usizitupe pamoja na taka nyingine wala kuzichoma, bali uziweke kando mahali pakavu na kuzikabidhi kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye leseni. La pili, nunua daftari na uandike kila simu inayofika mezani pako: aina yake, umri wake, kilichoharibika, kama kipuri kilipatikana na kwa bei gani, na kama mwenyewe aliamua kuitengeneza au kuiacha. Usiandike majina ya wateja. Ukikubali, nitampa yule mama wa Umoja anwani yako, ili binti yake aje kukaa nawe wiki moja kabla hajaandika pendekezo lake la utafiti.