Kupiga kafi na watoto Mto Mattawa: mizigo ndiyo safari

Mara ya kwanza kuingia Mto Mattawa, kaskazini mwa jimbo la Ontario, Kanada, tulibeba sufuria mbili, unga wa sembe kilo tano, viti vya kukunja na boksi la barafu. Nilijiambia mtumbwi utabeba. Sikujua kwamba penye maporomoko, mtumbwi nao hubebwa.

Kwenye njia ya Talon, ya kubebea mitumbwi nchi kavu, mawe yanateleza na mizizi imezagaa. Nikajitwika mtumbwi kichwani kama kofia kubwa isiyonitosha, binti yangu wa miaka minane nyuma yangu akiburuta begi. Safari nne kwenda na kurudi. Kufika mara ya nne, mama watoto alikuwa amekaa juu ya boksi la barafu, haongei na mtu.

Hapo ndipo nilipowaelewa wapagazi wa mto huu. Kampuni ya Hudson's Bay ilianzishwa mwaka 1670, na wafanyabiashara wa Montreal nao walikuja kushindana nayo, wote wakitafuta ngozi za biva, mnyama wa majini mwenye manyoya mazito, za kutengenezea kofia Ulaya. Watu wa Montreal walipita hapa kwa mitumbwi ya magome ya mti, ufundi waliojifunza kwa wenyeji wa asili. Nchi kavu, mpagazi alibeba kwa kawaida furushi mbili kwa mpigo, kila moja kama kilo 41. Njia ndefu waliigawa kwa vituo vya kutua mzigo. Hilo la vituo liige; la kilo 82 waachie wenyewe.

Ushauri wangu basi: tandika kila kitu sebuleni, uondoe nusu. Kisha pigeni mizigo mzunguke nayo mtaa mzima. Majirani watashangaa, lakini kitakachomshinda mtoto barabarani, porini kitakuwa chako. Kodi mtumbwi wa Kevlar, nyuzi nyepesi lakini imara, hata kama bei inauma. Wetu wa pili ulikuwa na kilo kama 20, na shingo yangu ilishukuru.

Anzieni ziwa la Trout Lake, mjini North Bay, mshuke kuelekea mji wa Mattawa, maji yawasukume. Wale wa Montreal, wakati wa kwenda, walikuwa wakipanda kinyume chake. Ziwa Talon livukeni asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Mei na Juni ni miezi ya visubi na mbu. Sisi sasa tunakwenda mwishoni mwa Agosti. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe muda wote, na mtu mzima naye. Mtoto hataki kuvaa kitu ambacho baba yake amekikalia.

Chakula kining'inizwe juu ya mti, mbali na hema, kwa sababu ya dubu. Mwaka jana nilipika dagaa. Msosi ulikuwa mtamu, ila usiku kucha nilinusa mikono yangu nikisikiliza vijiti vikivunjika. Nadhani alikuwa kindi. Dagaa sasa tunawala nyumbani.

Kuna njia moja ya kubebea mizigo iitwayo Paresseux, yaani Wavivu kwa Kifaransa. Safari hii tuliimaliza kwa mizunguko miwili. Binti yangu alipoambiwa maana ya jina, alitua begi lake, akalikalia, akasema: "Baba, mimi nimeshafika kwetu."