Peirce Mill: msiishie kwenye kuta

Wiki hii mmeuliza ni jengo gani la zamani ndani ya bustani ya umma linastahili kujulikana zaidi. Jibu langu ni Peirce Mill, kinu cha maji kilichopo Rock Creek Park, Washington kule Marekani, na sio kwa ajili ya zile kuta za mawe manake hizo kila mtu anazipiga picha, utamu wote uko ndani.

Isaac Peirce alikijenga miaka ya 1820, akafunga mitambo ya mfumo wa Oliver Evans, mvumbuzi wa Kimarekani aliyepewa hataza ya mfumo huo, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1790. Evans alitaka nafaka ikishamiminwa chini basi pasiwe na mtu wa kubeba tena. Mkanda wenye vikombe vidogo unaipandisha mpaka juu kabisa, inashuka yenyewe, inasafishwa, inaingia kwenye mawe ya kusagia, sasa unga ukitoka pale unakuwa na joto na unyevu kwahiyo unapandishwa tena ghorofani ambako kuna reki kubwa ya mbao inazunguka taratibu inautandaza mpaka upoe, ndo unaenda kuchekechwa. Kabla ya hapo kazi hiyo ya reki alikuwa anapewa kijana, anakokota unga kwa mkono! Na nguvu yote ilikuwa ya gurudumu la maji, hakukuwa na moshi wala umeme.

Serikali ilikichukua 1892, bustani ikiwa bado changa. 1897 shafti, ule mhimili unaozungusha mitambo, ikavunjika, biashara ya kusaga ikafa, baadae kikageuzwa mgahawa wa chai, kitu ambacho kwangu ni kukidhalilisha kabisa. Miaka ya 1930 uchumi ulipoanguka na watu wanatafutiwa kazi kikakarabatiwa, unga wake ukawa unaenda kwenye kantini za serikali. 1993 mitambo ikagoma tena, wananchi wakachangishana, na 2011 mawe yakaanza kuzunguka upya.

Lakini kuna watu wanasahaulika kila hadithi hii ikisimuliwa, nao ni watumwa wa familia ya Peirce, ndio waliozifanyia kazi ardhi zile. Utumwa ulipofutwa Washington tarehe 16 Aprili 1862, sheria iliruhusu fidia isiyozidi wastani wa dola 300 kwa kila mtumwa, na hela hiyo alilipwa mmiliki, yule aliyefanyishwa kazi miaka yote hakulipwa chochote kwa jasho lake.