Mara ya kwanza kwenye skii usilipie mlima mzima

Jamani tangu nirudi kutoka Val Thorens, kijiji cha skii (kuteleza kwenye theluji) kule Ufaransa, watu wananiuliza nilijipangaje, sasa ngoja niseme ukweli ili mwingine asichome hela kama mimi.

Kule kumeungana na Méribel na Courchevel, eneo zima wanaita Les 3 Vallées, njia za kuteleza kilomita 600, na ukiisoma namba hiyo umekaa zako Sinza unaona bora uchukue pasi ya kote kabisa ya lifti zinazokupandisha mlimani, ndo nilichofanya, nikalipia siku sita. Siku tatu zote nilikuwa kwenye kimteremko cha wanaojifunza, naanguka naamka. Iliniuma sana. Wewe chukua pasi ya wanaoanza, hela inayobaki mpe mwalimu, na mwalimu mbuki mapema hata kabla ya chumba, maana mwezi wa pili shule za Ufaransa zikifunga watu wanajaa na bei zinapaa. Katikati ya Januari panapumua kidogo. Njia zina rangi, kijani na buluu ndo zako, nyekundu subiri kwanza, nyeusi achana nayo.

Nguo usinunue huko aisee. Nenda mitumba ya Karume, chimba taratibu, majaketi na suruali za skii yanakuja kwenye mabelo, cheki zipu na kama maji hayapiti. Hela yako weka kwenye glovu na miwani, na mafuta ya kuzuia jua pia, usiseme mimi mweusi siungui, theluji mpya inarudisha karibu asilimia 80 ya miale usoni kwako. Skii zenyewe (vile vibao vya kuvaa miguuni), helmeti na mabuti unakodi hukohuko. Buti libane ila vidole visife ganzi, likiuma rudisha siku hiyohiyo wakubadilishie.

Halafu kijiji chenyewe kipo mita 2,300 na sisi tunatoka usawa wa bahari, kwahiyo siku ya kwanza pumzika, kunywa maji, kichwa kinaweza kuuma.

Viza ya Schengen, ndo ya kuingilia Ufaransa, unaruhusiwa kuomba hadi miezi 6 kabla, usingoje wiki za mwisho. Bima wanataka inayoweza kukulipia kuanzia euro 30,000, lakini bima nyingine za viza michezo ya theluji haimo kabisa, yaani uliza kwa maandishi kama wanalipa kushushwa mlimani ukivunjika mguu, wakikujibu kwa kuzungukazunguka tafuta kampuni nyingine.